Kinga ya Mwili, Nywele na Uyoga wa Kapsuli: Niliyowaambia Wasusi na Vinyozi wa Dodoma

Mbukwenyi! Asanteni sana. Shikamooni wazee wangu mliokaa hapo mbele, na nyie wengine mambo vipi, naona wasusi wa Majengo mmejaa upande huu na vinyozi wa Sabasaba mmejibanza kule nyuma karibu na mlango kama kawaida yenu, sogeeni bana, leo hakuna mchango. Mwenyekiti kanipa mada ndefu kweli, kinga ya mwili na afya ya nywele, ila tusizungushane, najua kilichowaleta. Ni zile kapsuli za uyoga. Siku hizi kuna watu wanapita saluni na begi, kahawa ya uyoga, poda ya uyoga, kapsuli za uyoga, na maneno ni yaleyale, inapandisha kinga, kinga ikipanda nywele zinaota, na msusi akishawishika anaanza kuwauzia wateja wake palepale kwenye kiti. Mimi ni mfamasia, jibu langu nalitoa sasa hivi ili hata mwenye kuwahi mteja aondoke nalo: uyoga una mazuri yake na nitayasema, lakini hiyo habari ya kupandisha kinga ili nywele ziote imekaa kichwa chini miguu juu, kwa sababu kuna aina za kudondoka nywele zinazotokana na kinga yenyewe kufanya kazi kupita kiasi pale isipotakiwa.

Wangapi hapa wameshasikia neno CD4? Naona mikono yote, hata babu pale. CD4 tumeimba tangu enzi za semina za ukimwi, tukaambiwa ni askari wa mwili, zikishuka hali mbaya, zikipanda mambo safi, na ndiyo maana mtu akikuuzia kitu cha kupandisha kinga kichwani kwako inakuja picha nzuri tu. Sasa tulichoambiwa ni kweli ila ni nusu ya habari. Ndani ya hizo CD4 kuna kikundi kidogo ambacho kazi yake siyo kupigana kabisa. Tuendelee na hilohilo jeshi letu, hawa ndo MP, wale polisi jeshi wanaokamata askari wenzao waliolewa na kuanza kupiga raia. Wataalamu wanaziita Treg, tamka tu tiregi, na kwenye ngozi zipo nyingi, na nyingi zimejipanga kuzunguka pale unywele unapootea.

Mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha California pale San Francisco, timu ya Michael Rosenblum, walikuwa na panya waliowaondolea hizo tiregi, walikuwa wanatafuta mambo mengine kabisa ya ngozi wala siyo nywele. Wakawanyoa panya sehemu fulani ili waone ngozi vizuri. Panya wa kawaida ukimnyoa nywele zinarudi, hawa wasio na tiregi hazikurudi, pakabaki peupe vilevile. Wakaanza kuchimba, wakakuta zile tiregi zinakaa jirani kabisa na seli shina za unywele, yaani zile seli mama zinazozaa unywele mpya, na zimebeba protini moja inaitwa Jagged1, seli shina ikiguswa na hiyo protini inapata ujumbe wa kuamka na kuanza kugawanyika. Yaani askari wa kutuliza fujo kumbe ndo huyohuyo anagonga mlango kuamsha nywele. Mimi niliposoma hii kitu nilikaa nikaisoma tena.

Ngoja niwaeleze kuamka ni nini maana hapa ndipo biashara yenu ilipo. Kila unywele una ratiba yake peke yake, hauulizi jirani. Unakua miaka 2 mpaka 6, kwa mwendo wa kama sentimita 1 kwa mwezi, halafu unasinyaa wiki 2 au 3, halafu unapumzika kama miezi 3, unadondoka, na seli shina zilizoko kwenye kile kifuko cha unywele zinaamka kutengeneza mwingine. Kichwa cha mtu kina nywele kama 100,000 hivi, kwa hiyo kudondoka 50 mpaka 100 kwa siku ni kawaida tu, mteja akiona vitatu vinne kwenye chanuo asipige kelele. Ishu inaanza pale nyingi zinapokwenda kupumzika kwa mpigo, au zikishapumzika hakuna wa kuziamsha.

Na siyo seli moja tu ya kinga inayohusika. Mwaka 2019 timu ya Angela Christiano pale Chuo Kikuu cha Columbia, New York, ilionyesha kwa panya kwamba kuna seli nyingine za kinga, makrofaji, zinazotoa kitu kinaitwa onkostatini M, na kazi yake ni kuzilaza seli shina zisiamke. Kwa hiyo hapohapo kwenye kishimo kimoja cha unywele kuna seli ya kinga inayoamsha na kuna seli ya kinga inayolaza. Sasa mtu anakuambia kapsuli yake inapandisha kinga, muulize tu kwa upole, unapandisha ipi kaka?

Tuje kwenye viraka. Hii mnaiona sana, mteja anavua kilemba, unakuta duara limenyooka, laini kama shavu, hakuna magamba, hakuna kidonda, mara nyingi haliwashi, jana halikuwepo. Kwa kinyozi linaonekana kwenye ndevu pia, wengine mpaka nyusi zinakwenda. Mtaani watasema kalogwa, wengine watasema ni mapunye. Kitaalamu inaitwa alopesia areata, na huo ni ugonjwa wa kinga moja kwa moja. Kifuko cha unywele kwa kawaida kinajificha, kinga ya mwili inapita pembeni haikisumbui, ikitokea kile kificho kimevunjika basi seli za CD8, hao ndo wapiganaji wenyewe, wanaingia na kushambulia shina la unywele kana kwamba ni virusi. MP wamezidiwa hapo. Nzuri ni kwamba seli shina kwa kawaida hazifi, ndiyo maana kiraka kidogo mara nyingi kinajaa chenyewe ndani ya mwaka bila dawa yoyote.

Hapo kwenye chenyewe ndo naomba mnisikilize vizuri jamani. Mteja ana kiraka, kauziwa kapsuli ya uyoga, kanywa miezi sita, nywele zimerudi. Nani kapata sifa? Na mama aliyejifungua ni hivyohivyo, mtoto akifika miezi mitatu minne nywele za mama zinang'oka mkono mzima, kwa sababu wakati wa mimba homoni zilizishikilia na sasa zimekwenda kupumzika zote pamoja, na zinarudi zenyewe, wengi ndani ya mwaka. Malaria kali, operesheni, msiba mzito, kujinyima kula ili upungue, vyote vinaleta hiyo hali miezi kama mitatu baadaye na mtu hakumbuki kuunganisha. Ushuhuda wa nywele kurudi ni rahisi kuupata kuliko ushuhuda wowote mwingine duniani, hata ungewapa maji ya bomba ungepata mashahidi.

Kwa hao wenye alopesia kali, kichwa kizima, hospitali zinafanya nini? Zinaishusha kinga. Sikieni hilo, zinaishusha! Hata kiraka kidogo kinachomwa sindano ndogondogo za steroidi, dawa ya kutuliza kinga, palepale. Mwezi Juni 2022 mamlaka ya dawa ya Marekani ikapitisha kidonge kinaitwa baricitinib, cha kwanza cha kumeza kwa alopesia areata kali, na kinafanya kazi kwa kuzuia njia ya JAK ambayo hao wapiganaji wanapigiana simu kupitia hiyo. Watu waliokuwa hawana hata kope wameota nywele. Lakini ni dawa ya kuheshimu, mtu lazima apimwe kwanza TB na maambukizi mengine maana ukishusha kinga vilivyolala vinaamka, na wengi wakiiacha nywele zinadondoka tena. Nataja siyo ili mkaitafute, nataja mjue mwelekeo wa kidaktari ni upande ule, na begi la kapsuli linakwenda upande huu.

Hapa kuna kisa ninachokipenda kuliko vyote kwenye kazi yangu, na uyoga umo ndani yake. Mwaka 1969 mfanyakazi wa kampuni ya dawa ya Uswisi alikuwa likizo Norwei, akachota udongo kwenye nyika ya juu inaitwa Hardangervidda, wakati ule kampuni ilikuwa inawaambia wafanyakazi wake popote mnapokwenda leteni udongo tutafute antibayotiki. Kwenye ule udongo kukawa na fangasi, kwenye huyo fangasi kukatoka dawa ya siklosporini. Kwenye kuua bakteria hamna kitu. Ila wakakuta inazituliza seli T, yaani familia ya hizohizo CD4 na CD8, na kuanzia miaka ya 1980 ndiyo iliyofanya kupandikiza figo na maini kuwe kitu cha kawaida, maana mwili ukaacha kukikataa kiungo cha mtu mwingine. Halafu wagonjwa wakaanza kuota manywele! Usoni, mikononi, mgongoni, hayo ndo madhara yake yanayojulikana mpaka leo. Dawa inayotuliza kinga, inaotesha nywele.

Na sasa utamu wenyewe. Mwaka 1996 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, wakaonyesha kwamba yule fangasi wa Norwei ni sura nyingine ya fangasi wa jamii ya Cordyceps, wale wanaoota kwenye miili ya wadudu. Kasomeni maboksi yenu nyumbani, Cordyceps ipo pale imeandikwa kwa dhahabu, inapandisha kinga. Ndugu yake wa damu ndo kaipa dunia dawa maarufu ya kushusha kinga. (Msije mkaenda kununua siklosporini kwa ajili ya upara, inaharibu figo na kupandisha presha, nitawakana mbele ya polisi.)

Haya, uyoga wenyewe. Nisije nikaonekana napiga vita uyoga, mimi uyoga nala, nikipata ule wa kichuguu wa masika nikauchemsha na karanga nakula na ugali wa mtama simwiti mtu. Kwenye ukuta wa uyoga kuna aina ya wanga inaitwa beta-glukani, na seli zetu za kinga zina kipokezi chake maalumu, Dectin-1, kilichotambuliwa mwaka 2001. Kwa hiyo uyoga kuongea na kinga ni kitu cha kweli, siyo hadithi ya wauzaji. Japani wamefika mbali, mwaka 1977 waliidhinisha dawa ya PSK inayotokana na uyoga wa Trametes versicolor, na 1985 wakaidhinisha lentinani, ambayo ni sindano inayotokana na shiitake, zote za kumsaidizia mgonjwa wa saratani pamoja na matibabu yake mengine. Pamoja, siyo badala. Ganoderma, ule wanaouita reishi, umepitiwa na wachambuzi wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaopima ushahidi wa tiba, upande wa saratani, wakasema ushahidi hautoshi kuufanya tiba ya kwanza, labda wa kusindikiza.

Na nywele? Hilo dai la Ganoderma kuotesha nywele lina mzizi wake, watafiti wa Japani waliona maabara na kwa panya kwamba unazuia kimeng'enya kinachobadilisha homoni ya kiume kuwa DHT, na DHT ndiyo inayokula nywele za wanaume pale mbele na utosini. Ila wao walikuwa wanaangalia tezi dume ya panya. Kutoka tezi dume ya panya mpaka kipara cha mheshimiwa wa Mtumba ni mbali sana, na hapo katikati hakuna aliyepita. Kwa upara wa aina hiyo kuna minoksidili ya kupaka na finasteridi ya kumeza, zimepimwa kwa watu, zina madhara yake yanayojulikana, na finasteridi mama mjamzito hatakiwi hata kukishika kidonge kilichovunjika.

Nani asiguse kabisa kapsuli za kuamsha kinga? Hapa natoka kwenye utani. Hospitali yetu ya Benjamin Mkapa hapo juu inapandikiza figo tangu 2018, kwa hiyo tunaishi na watu wenye figo ya ndugu yake mwilini, ukimkuta kwenye kiti chako kanenepa mashavu kidogo kwa steroidi na nywele zimebadilika, usimpe ushauri wa kupandisha kinga, unaweza ukamuulia figo. Mwenye lupasi, ugonjwa ambao kinga inaushambulia mwili wenyewe, vilevile, na kwa mwenye alopesia yenyewe sioni sababu ya kujaribu. Anayetumia warfarini ya kuzuia damu kuganda aachane na Ganoderma, anaweza kuvuja damu. Na anayetumia ARV, hakuna uyoga wa kubadilisha na ARV, hakuna, hakuna, hakuna. Bidhaa za tiba asili zina utaratibu wa kusajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, anayekuuzia muombe namba ya usajili, akianza kukupa hadithi za shangazi yake wa Dar es Salaam funga mlango.

Kula uyoga kwa chakula, sawa kabisa. Uyoga wa mamama wanaoulima kwenye mifuko ya mabua una protini, hauna mafuta mengi, mwenye kisukari anakula bila wasiwasi. Na sisi wa Dodoma tuna kitu ambacho Ulaya wananunua, jua! Uyoga una ergosteroli, ukipigwa na jua inageuka vitamini D, kwa hiyo ukianika ugeuze zile mbavu za chini ziangalie juu, zinapata jua zaidi. Ila wa porini jamani. Kuna uyoga una sumu ya amatoksini, unakula saa mbili usiku unalala vizuri, unaanza kutapika na kuharisha alfajiri, baada ya siku moja unapata nafuu unasema nimepona, kumbe ini ndo linakufa, siku ya tatu ya nne manjano hiyo. Kupika hakuitoi, kuanika hakuitoi, kuweka kijiko cha fedha au kitunguu kwenye sufuria kuangalia kama kinabadilika rangi hakukuambii kitu. Wazee wetu wa Kondoa na Mpwapwa wanaujua wa kwao, ukihamia pori jingine ujuzi huo usiubebe, uyoga wa huko unaweza ukafanana na wa kwenu na ukawa mwingine kabisa. Na ukiharisha masaa mengi baada ya kula uyoga nenda hospitali hata kama umeshapata nafuu, beba na mabaki.

Sasa kazi yenu, maana nyie ndo mnaona vichwa kabla ya daktari. Mapunye siyo alopesia, mapunye yana magamba, nywele zimekatika katikati kama zimenyolewa vibaya, yanawasha, yanaambukiza na ni ya watoto zaidi, na yanatibiwa kwa vidonge maana mafuta ya kupaka hayafiki ndani ya unywele. Dawa yake ya zamani, grisiofulvini, nayo imetokana na fangasi, kwa hiyo tunamuua fangasi kwa kitu kilichotoka kwa fangasi mwenzake, fikirieni hilo mkiosha mashine. Na mashine zioshwe kila kichwa, kinyozi nakuangalia wewe.

Pale mbele kwenye paji la uso, nywele zinaporudi nyuma kwa sababu ya yeboyebo iliyokazwa mpaka mteja hawezi kufumba macho, hapo hakuna kinga wala uyoga, hapo ni mikono yako dada yangu. Legeza. Akikulipa akisema kaza, legeza hivyohivyo. Nywele zinazovutwa miaka kifuko kinakufa, pakishakuwa na kovu hakuna seli shina za kuamsha, hata ungekuwa na tiregi za Dodoma nzima.

Na kuna aina moja ya kunyonyoka nywele inatutesa wanawake weusi hasa na tunaificha chini ya wigi, inaanzia utosini katikati, inapanuka taratibu kwenda pembeni, pengine panauma au panachoma, ngozi inang'aa. Hiyo nayo ina seli za kinga zinazochoma chini kwa chini, na inaacha kovu, kwa hiyo huyo mteja usimwambie ngoja tujaribu mafuta haya kwanza. Huyo anatakiwa aonwe na daktari wa ngozi mapema, wakati bado kuna kitu cha kuokoa. Nenda hospitali ya mkoa uombe rufaa, na kama itabidi, pale KCMC Moshi kuna kituo kinachofundisha wataalamu wa ngozi.

Fanyeni hivi, mteja akikubali mpige picha ya utosi kwa simu yake, siyo yako, kila anapofumua. Daktari akiletewa picha za miezi sita mfululizo anajua kinapanuka au kinajaa, na hiyo hakuna kipimo cha maabara kitakachompa.

Mwenyekiti, nimeona umeangalia saa mara mbili. Maswali, na tuanze na yule mama wa kilemba cha njano, tangu nimetaja kapsuli hajashusha mkono.